Baba Asigeuke Papa: Jinsi Nilivyotengeneza Ubao wa Silabi Unaosema

Mpwa wangu alibonyeza B, akabonyeza A, akarudia hivyo hivyo mara ya pili, kisha akanigeukia kwa furaha: "Mjomba, imesema papa!" Shemeji yangu, ambaye ndiye baba mwenyewe, alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake cha chai. Tangu siku hiyo nyumba nzima inamwita Papa, na sisi watu wa Tanga papa tunamjua akiwa ndani ya mchuzi wa nazi, kwa hiyo jina halibanduki kirahisi.

Wengi wameona video ya ule ubao na kuniomba nieleze unavyotengenezwa. Nitaeleza hatua kwa hatua. Ila nawaonya mapema: sehemu kubwa ya makala hii itahusu herufi B, kwa sababu waya na programu utavimaliza wikiendi moja, na B itakukalisha macho usiku.

Kwanza, kwa nini usinunue tu dukani? Nilimnunulia. Mbao zinazosema zimejaa kwenye maduka ya vitu vya watoto, zina rangi zote za upinde wa mvua, na zinasema "ei, bii, sii" kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua na mlango. Mtoto wa dada yangu alijifunza vizuri sana. Alijifunza mpaka alipoandikiwa neno baba akalisoma "bii-ei-bii-ei". Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anajua kwamba Kiswahili kinasomwa kwa silabi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulijengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto alianzia kwenye sauti ya herufi, si jina lake la Kiingereza. Ubao wa dukani unamfundisha kitu ambacho mwalimu atakuja kukifuta.

Hatua ya kwanza: punguza herufi

Usiweke herufi zote. Q na X hatuzitumii kabisa, na C peke yake haina kazi bila H. Mimi nilichukua konsonanti nne, B, K, M na T, na irabu zote tano. Zinatoka silabi ishirini, na kwa silabi hizo mtoto anaandika baba, mama, kaka, bibi, babu, bata, kuku, kiti, bati, moto na tatu. Familia nzima imo, na kuku wao.

Konsonanti kwenye ubao wangu haisemi. Ukibonyeza B, taa yake inawaka na kubaki inawaka, ikisubiri. Ukibonyeza A, ndipo sauti inatoka: "ba". Watu wazima wakiuona wanadhani umeharibika. Watoto hawapati shida, wanaona taa inasubiri na mkono wao unaenda kwenye irabu. Na hivyo ndivyo kusoma kulivyo, maana B peke yake huwezi kuitamka bila kuikopesha irabu.

Hatua ya pili: vifaa

Arduino Nano moja, hata isiyo ya kiwanda cha asili. DFPlayer Mini, ile moduli ndogo inayosoma memori kadi na yenye amplifaya yake ndani. Vitufe tisa, taa za LED tisa na rezista zake, spika, na betri tatu za AA ambazo kwa pamoja zinatoa volti 4.5. Usiweke nne, kwani DFPlayer haitaki zaidi ya volti 5. Usitumie pawabanki pia. Nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo zinajizima zenyewe katikati ya mchezo. Na betri zile bapa za saa usiziweke kabisa kwenye kitu cha mtoto, akimeza moja ni hospitali haraka. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu.

Kuchomea waya, kuweka maktaba ya DFPlayer kwenye kompyuta na kuwasha LED, hayo yote yako YouTube na sitapoteza muda wako. Nitasema tu hesabu ya pini, maana watu hukwama hapo. Vitufe tisa na taa tisa ni pini kumi na nane, na Nano ina kumi na nane hasa ukichukua D2 mpaka D13 na A0 mpaka A5. D13 ipe taa, usiipe kitufe. TX ya Nano iende kwenye RX ya DFPlayer kupitia rezista ya kilo-ohm moja, la sivyo utasikia mvumo ndani ya spika muda wote. RX ya Nano iache wazi. Pini ya BUSY ya DFPlayer ipeleke A6, ambayo ni ya analogi tu, lakini kwa kusoma "inacheza" au "haichezi" inatosha.

Faili zipange hivi: folda 01 ni B, 02 ni K, 03 ni M, 04 ni T. Ndani ya kila folda, 001 ni a, 002 ni e, na kuendelea mpaka 005 ambayo ni u. Programu haihitaji kujua Kiswahili. Inachukua namba ya konsonanti kama folda na namba ya irabu kama faili, basi.

Sasa tuje kwa wauzaji. Memori kadi nilinunua Kariakoo, dukani kwa jamaa mmoja aliyeniapia, "Bosi, hii orijino, GB 32." Sikuhitaji hata GB moja, lakini ndogo hazikuwepo. Niliipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza kadi kisha kuisoma tena, ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hizo GB 32 ni maandishi ya kwenye karatasi tu. Ukinunua kadi, ipime kabla hujaanza kuilaumu moduli. Moduli zenyewe nazo si moja: zinafanana kwa nje, lakini ukisoma maandishi kwenye chipu utaona YX5200 kwenye nyingine, MH2024K kwenye nyingine, na tabia zao zinatofautiana. Nunua mbili kutoka maduka mawili tofauti. Jamaa yule yule wa kadi ndiye aliyeniuzia na spika, na hapo ndipo shemeji yangu alipoanza safari ya kuwa samaki.

Hatua ya tatu: sauti, yaani B

Spika ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa kifuniko cha soda. Muuzaji aliisifu kwamba "inapiga kama redio ya gari". Kweli ilikuwa na kelele. K ilisikika, T ilisikika, M ilikuwa afadhali. B ilikuwa P, na hakuna aliyegundua isipokuwa mtoto.

Jaribu sasa hivi, sema "ba" polepole sana. Kabla midomo haijafunguka, koo lako tayari linatetema; kuna mngurumo mdogo ndani ya mdomo uliofumbwa. Sasa sema "pa". Midomo imefumba vile vile, lakini koo limenyamaza. Tofauti kati ya baba na papa ipo kwenye kale kamngurumo kafupi kanakotangulia. Na kwa kuwa mdomo umefumba, kinachopita ni sauti ya chini tu: kwa mwanamume mzima ni karibu na Hz 120, kwa mwanamke karibu na Hz 200. Spika ndogo kiasi kile haitoi sauti za chini hivyo. Inamtolea mtoto irabu na mpasuko wa midomo, mngurumo inauacha. Mtu mzima hasikii kasoro, maana ameona kidole kimebonyeza B na neno analijua, akili inajaza yenyewe. Mtoto anayejifunza hana cha kujazia. Anasema alichosikia.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa B. Haya ndiyo niliyoyapata, na kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii.

Spika: tafuta ya inchi 3, ohm 8. Yangu nimeitoa kwenye redio mbovu ya fundi mmoja wa mtaani, na ni bora kuliko zote nilizouziwa mpya. Lakini hata hiyo ukiiacha uchi haisaidii, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele na ile ya nyuma zinafutana, na sauti za chini ndizo zinazokufa kwanza. Ifunge kwenye boksi la plaiwudi lisilovuja, pembe zote zipigwe gundi, tundu la waya lizibwe. Siku nilipoziba tundu la waya kwa gundi ya silikoni, shemeji alirudi kuwa binadamu kwa asilimia sabini hivi.

Msomaji: mwache mwanamke asome. Mngurumo wake uko juu kidogo na spika inaufikia kwa urahisi zaidi. Nilimwondoa mtu mwenye sauti nzito niliyemtumia mwanzoni, nikamweka dada. Alirekodi akiwa ndani ya kabati la nguo, maana kwetu jogoo hawana ratiba na bodaboda hawana huruma. Kila silabi aliisema mara tatu mfululizo, "ba, ba, ba", nami nikachukua ya katikati. Ya kwanza huwa na nguvu kupita kiasi, ya mwisho huanguka.

Kurekodi: tumia programu ya kawaida ya kurekodi kwenye simu, hamisha faili kwa waya. Usijitumie kwa WhatsApp, sauti inabanwa. Kwenye Audacity, usiguse kile kitufe cha kuondoa kelele. Kinaona mngurumo mdogo wa B kabla ya neno, kinaudhani ni feni, na kinaufuta.

Kukata: kuza picha ya sauti mpaka uone mawimbi. Kabla ya lile wimbi kubwa la mpasuko utaona viwimbi vidogo vinavyojirudia sawasawa. Hivyo ndivyo B. Mkono utakuwasha kuvikata, kwa sababu vinaonekana ni takataka na wewe unataka sauti ianze mara tu kidole kinapogusa. Viache. Na mbele yake ongeza ukimya wa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu moduli yangu ilikuwa na tabia ya kumeza mwanzo wa faili, na kilichopo mwanzoni ni hicho hicho tunachokihangaikia. Hifadhi kwa WAV. DFPlayer inaisoma bila shida, na silabi ishirini hazijazi hata kadi ya uongo.

Utasema ukimya huo utamchelewesha mtoto. Ni kweli, na mtoto asiyejibiwa haraka hubonyeza tena na tena mpaka kitufe kiombe radhi. Dawa ni taa. Programu iwashe taa ya irabu kwanza, papo hapo, kisha ndipo itume amri ya sauti. Jicho likishajibiwa, sikio linakubali kusubiri. Halafu tumia ile BUSY: maadamu iko chini, sauti inacheza, na vitufe vyote vipuuzwe. Neno linalokatwa katikati ili lianze upya halimfundishi mtu.

Baada ya sauti kwisha, usiruhusu kitufe kingine mara moja. Acha nafasi ya sekunde moja na nusu hivi, taa ikiendelea kuwaka. Hili sikulibuni. Zanzibar walikuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, na vipindi vya aina hiyo hutangaza kitu kisha hunyamaza ili watoto wajibu. Redio haiwasikii, lakini wanaijibu. Mpwa wangu naye anaujibu ubao.

Nirudi kidogo kwa zile mbao za dukani na sauti zao. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ilitoa Speak & Spell, mashine ya watoto iliyotamka neno na mtoto akaliandika herufi kwa herufi. Sauti yake ilitengenezwa na chipu kutokana na namba chache, kwa kuwa wakati huo memori ilikuwa ghali mno kuhifadhi sauti ya mtu. Ilisikika kiroboti, na walikuwa na sababu. Sisi leo tuna nafasi ya kuweka sauti safi ya shangazi mzima kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Mwenye kiwanda anayetuletea sauti ya kubanwa pua hana sababu yoyote.

Hatua ya nne: kupima

Usipime wewe, na usimwombe jirani. Mkalishe mtoto akiwa ameupa ubao mgongo, bonyeza wewe, yeye aseme alichosikia. Changanya silabi bila mpangilio. Akisema "pa" au "da" mahali pa "ba", rudi kwenye spika na kukata, usianze kubadilisha programu. Sauti iweke kama 18 kwa kipimo cha DFPlayer ambacho mwisho wake ni 30, maana bibi wa nyumba hii hulala mchana.

Hatua ya tano ilikuwa iwe juu ya kupaka rangi na kuandika herufi, lakini kwa hilo fundi seremala wako ananizidi. Nina ushauri mmoja tu wa hela. Ikifika mahali huna budi kuchagua kati ya vitufe vya rangi vinavyong'aa na spika nzuri, nunua spika, vitufe chukua vyeusi. Toleo langu linalofuata litakuwa na P pembeni ya B, na sitalitoa nje ya nyumba mpaka mtoto azitofautishe zote mbili akiwa hazioni.