Tuhifadhi Tunachosoma Katika Simu

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali. Isipowekwa vizuri, hupotea.

Tuanze na jambo lililotokea. Kikundi kimoja cha wahitimu wetu wa kisomo kinalima viazi mviringo huko Umalila, Mkoa wa Mbeya. Siku ya soko wajumbe wawili walishuka Mbalizi. Wakiwa huko walifungua simu, wakasoma maelezo mazuri juu ya ugonjwa wa ukungu wa viazi. Walisoma dalili zake, namna ya kupiga dawa na kipimo chake. Wakafurahi, wakarudi nyumbani.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Majani ya viazi yakaanza kuwa na mabaka meusi. Haya, kikundi kikakutana. Dawa ilikuwapo. Bomba lilikuwapo. Lakini mfuko wa dawa ulikuwa umechanika, na maandishi ya kipimo hayasomeki. Mmoja akasema, "Ni vijiko viwili kwa bomba." Mwingine akasema, "Hapana bwana, ni vinne." Wakatoa simu. Ukurasa haukufunguka. Mtandao bondeni hakuna, na bando limekwisha.

Walifanya vizuri kutobahatisha, kwa sababu dawa ni sumu. Ilibidi mtu aende kuuliza. Alirudi siku ya tatu. Lakini ukungu wa viazi hausubiri. Penye baridi na unyevu unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Robo ya shamba ilikwisha kuwa nyeusi. Mzee mmoja alituambia, "Mwalimu, tuliyasoma kwa macho yetu, lakini tuliyaacha sokoni."

Kwa nini ukurasa ulipotea?

Watu wengi hudhani kwamba tukisoma kitu katika simu, kitu hicho kimo ndani ya simu. Sivyo. Ukurasa hukaa katika kompyuta iliyo mbali sana. Mtandao ukiwapo, simu huuleta tuuone. Mtandao ukikatika, huenda usifunguke tena. Tena mwenye ukurasa anaweza kuubadili au kuufuta siku yoyote.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio. Lakini hawakuachiwa redio peke yake. Vikundi vilikuwa na kitabu cha kusoma na kujadili. Sauti ya redio hupita, kitabu hubaki. Basi ukurasa wa mtandao ni kama sauti ya redio. Kazi yetu ni kuugeuza uwe kitabu.

Njia ya kwanza: kupakua ukurasa

Simu nyingi za kugusa zina programu ya Chrome. Fuata hatua hizi:

1. Fungua ukurasa ukiwa mahali penye mtandao. Subiri ufunguke wote, pamoja na picha.
2. Tazama juu, upande wa kulia. Utaona vitone vitatu. Viguse.
3. Gusa mshale unaoelekea chini. Hapo simu inauhifadhi ukurasa.
4. Ukitaka kuusoma tena, gusa vitone vile vile, kisha gusa mahali pa vitu vilivyopakuliwa.
5. Sasa zima data, ufungue tena. Ukifunguka bila data, umefaulu. Usiondoke sokoni kabla ya kufanya jaribio hili.

Njia ya pili: kufanya PDF

Gusa vitone vitatu, gusa neno la kushiriki, kisha la kuchapisha. Usiogope, hakuna karatasi itakayotoka. Chagua kuhifadhi kama PDF. Upe jina linaloeleweka, kama vile "Ukungu wa viazi". Faili hili unaweza kumtumia jirani kwa Bluetooth bila kulipia data. Simu moja ikipakua, kikundi kizima kinaweza kupata.

Njia ya tatu: kitabu cha simu

PDF ina kasoro moja. Ukurasa wake ni kama picha ya karatasi. Ukiukuza, mistari hutoka nje ya kioo, nawe unasukuma huku na huku. Wazee wetu wenye macho hafifu huchoka upesi. Kwa hiyo iko aina nyingine ya faili, iitwayo EPUB. Hiki ni kitabu cha simu. Ukikuza herufi, mistari hujipanga upya ili kuenea kiooni.

Kukitengeneza ni rahisi zaidi kwa kompyuta. Mwombe kijana au mwalimu mwenye kompyuta auhifadhi ukurasa huo. Kisha autie katika programu ya Calibre, ambayo ni ya bure, na kuugeuza uwe EPUB. Anaweza kutengeneza vitabu kadhaa kwa siku moja: cha viazi, cha mahindi, cha malezi ya watoto. Katika simu, programu ya ReadEra husoma EPUB na PDF bila mtandao.

Tusiwaachie wengine ghala letu. Ilikuwapo huduma iitwayo Pocket, ambako watu wengi duniani waliweka kurasa za kusoma baadaye. Wenyewe, Mozilla, waliifunga Julai 2025. Faili lililomo katika simu yako ni lako. Hata hivyo simu huibwa, huanguka majini. Kwa hiyo weka nakala katika simu ya mwenzako.

Kuandika pembeni

Kuhifadhi tu hakutoshi. Mahindi ya ghalani hayashibishi mpaka yapikwe. Unaposoma kitabu cha simu, bonyeza neno kwa kidole bila kuachia, kisha vuta mpaka mwisho wa sentensi. Utaweza kuipaka rangi na kuandika neno lako. Kama huwezi, chukua daftari na kalamu. Andika mambo manne:

1. Jina la ukurasa, nani ameuandika, na tarehe uliyousoma.
2. Jambo kubwa ulilojifunza, kwa maneno yako mwenyewe.
3. Vipimo vyote, kwa tarakimu, bila kukosea.
4. Swali la kumwuliza bwana shamba au bibi shamba.

Swali hilo ni muhimu. Si kila kilichoandikwa katika mtandao ni kweli. Kipimo cha dawa kifuatwe kile cha kwenye mfuko wake. Kwa hiyo hifadhi mfuko vizuri, na unakili kipimo siku ile ile unaponunua dawa. Sisi wa Mbeya tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo Uyole. Maelezo ya wataalamu wa namna hiyo ndiyo ya kutanguliza.

Kikundi cha Umalila sasa kina daftari moja na simu tatu zenye faili lile lile. Mvua ikianza, mtu mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza. Hakuna tena ubishi wa viwili au vinne.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma kwa jasho. Usikubali elimu yako ikatike pamoja na mtandao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini ukurasa uliosomwa Mbalizi haukufunguka shambani?
2. PDF na EPUB zina tofauti gani kwa mtu mwenye macho hafifu?
3. Kwa nini tunazima data baada ya kupakua?
4. Kikundi chenu kinahitaji kuhifadhi maandiko gani kabla ya mvua zijazo? Nani atapakua, na nani atatunza daftari?