Umehamia Toronto? Tafuta pa Kuangalia Mpira

Kwanza zoea saa. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza uliyokuwa ukiiangalia Jumamosi saa kumi na moja jioni ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, Toronto inaanza saa nne asubuhi. Ile ya mapema inapigwa saa moja na nusu, na bado utakuta watu wamejaa, jezi juu ya sweta.

Vibanda umiza huku havipo. Kwenye baa na migahawa mingi hulipi kiingilio mlangoni, kiti unakilipia kwa kuagiza. Ukikalia kikombe kimoja cha kahawa dakika tisini nzima, mhudumu atakununia, na ana haki. Hesabu vizuri pia: bei ya kwenye menyu haijaingiza kodi ya asilimia 13, na juu yake watu huacha bahshishi ya asilimia 15 hadi 20. Sahani ya dola 20 itakutoka kama 26.

Sasa, ukae na nani? Hilo linategemea mtaa. Waitaliano wako College na St. Clair West, Wareno Dundas West, Wagiriki Danforth, Wakorea Bloor karibu na Christie. Italia ilipochukua Kombe la Dunia mwaka 1982, St. Clair ilifurika umati unaokadiriwa kufikia watu 300,000, na wazee wa pale hawachoki kuusimulia. Waulize. Mgeni anayeuliza habari za 1982 hakosi mtu wa kumsogezea kiti.

Kenya, Uganda na Tanzania hazijawahi kucheza Kombe la Dunia, kwa hiyo kombe hilo likifika utaazima timu, na hakuna atakayekushangaa. Katika jiji ambalo karibu nusu ya wakazi wamezaliwa nje ya Kanada, gari moja hupeperusha bendera mbili, ya kwao baba na ya kwao mama. Mimi ningekushauri uanze na timu ya mtaa unaoishi, maana hao ndio utakaokutana nao kwenye foleni ya mkate Jumatatu.

Ila utani uchunge. Ule wa Simba na Yanga, wa kumfuata jirani aliyefungwa na kumuuliza kama usiku amepata usingizi, usiuanze na mtu usiyemjua. Sisi tunajua mwisho wake ni kicheko, yeye hajui. Na kuna jozi za mataifa ambazo nyuma ya mpira wao kuna vita ambayo watu waliomo humo baani waliikimbia. Wakicheza hao, shangilia pasi nzuri, mengine yaache.

Siku timu ya mtaa ikishinda mechi kubwa, usitegemee tramu kukurudisha nyumbani. Barabara hujaa watu na honi, polisi huifunga, na namba 512 ya St. Clair hukwama palepale. Tembea hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi, na uvae viatu vya kutembelea.