Mukanda wa punda: mahali pake, upana wake na namna ya kuukaza



Kila mama anayebeba muzigo mugongoni na kamba ya kichwa anajua tayari nusu ya somo la leo. Anajua kamba nyembamba inakata paji la uso. Ndiyo sababu anatafuta kitambaa kipana, anakikunja vizuri, anakiweka kichwani kabla ya kusimama. Muzigo ni ule ule, kilo ni zile zile, lakini maumivu si yale yale. Leo tunaomba mufikirie punda wenu namna hiyo hiyo. Yeye pia iko na kamba inayomukamata, na yeye hawezi kuipanga mwenyewe.

Kwetu Kongo punda bado ni wachache, si kama kule Ethiopia ao Kenya ambako watu wamewazoea tangu zamani. Koperative nyingi zilizopata punda hazikupata mutu wa kuzionyesha namna ya kumufunga. Hata sisi maagronome, ku masomo tulijifunza zaidi mihogo, maharagi na udongo. Tulikosea, na tunataka kuwaambia wapi tulikosea.

Yaliyotupata mulimani

Tulitembelea koperative moja ya mulimani wakati wa kuuza maharagi. Mama mumoja alikuwa na shida: punda alikuwa akitelemuka mulima, na tandiko pamoja na magunia vinakimbilia shingoni. Tuliangalia haraka, tukamwambia: “Mama, kaza mukanda.” Akakaza.

Tuliporudi kisha majuma mawili, punda alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, hafanyi kazi. Mama alitupokea vizuri, lakini maneno yake hayakuwa matamu: “Muliniambia nikaze, nilikaza. Mbele ilikuwa inatembea bila kusukumwa. Sasa, ukikamata tu kamba, inaleta meno. Mutaniambia nini tena?”

Tuliinama, tukaangalia chini ya kifua. Nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, kila upande, kulikuwa kidonda cha ukubwa wa yai. Kamba ilikuwa ya nailoni, nyembamba kama kidole kidogo. Ilipita pale kabisa ambapo ngozi inakunjamana kila punda anapopiga hatua. Kwa muda wote wa kupona, mama na mabinti wake walibeba maharagi yale kichwani hadi ku sooko. Punda alikuwapo, lakini faida yake haikuwapo.

Mukanda unafanya kazi gani?

Tunauita mukanda wa tumbo, na jina hilo linatudanganya. Mahali pake si tumboni. Mukanda unapita chini ya kifua, kwenye mufupa mugumu wa katikati ambapo mbavu za mbele zinashikana. Ukirudi nyuma sana, unakaza tumbo laini. Ukienda mbele sana, unaingia kwapani na kukata ngozi.

Kazi yake ni moja: kuzuia tandiko lisigeuke upande. Mukanda haubebi muzigo. Muzigo unabebwa na mugongo kupitia tandiko na bulangeti. Tena mukanda haukufanywa ili kuzuia tandiko lisiende mbele ao nyuma. Hiyo ni kazi ya mikanda mingine, na hapo ndipo shauri letu la kwanza lilikuwa baya.

Punda haiko sawa na farasi. Pale shingo inapokutana na mugongo, farasi wengi wana kilima kidogo kinachosaidia kushikilia tandiko. Kwa punda pale ni tambarare, na mwili wake ni kama pipa. Kwa hiyo ku mutelemuko tandiko linateleza kwenda mbele. Ukijaribu kulizuia kwa kukaza mukanda, utakaza, utakaza tena, na bado litateleza. Kinachobaki ni kidonda.

Dawa ya kuteleza ni hii:

1. Mukanda wa nyuma, unaozunguka mapaja nyuma, chini ya mukia. Huo unazuia tandiko lisiende mbele ku mutelemuko.
2. Mukanda wa mbele, unaopita mbele ya kifua, chini ya koo na juu ya viungo vya mabega. Huo unazuia tandiko lisirudi nyuma ku mupando.
3. Muzigo ulio sawa pande mbili. Gunia la kilo 25 upande mumoja na la kilo 15 upande mwingine litageuza tandiko hata ukikaza namna gani. Pima, kisha funga.

Mikanda hii ikiwapo, mukanda wa chini hauna sababu ya kukazwa sana.

Kwa nini mwendo unabadilika?

Mutu ana mufupa wa mutulinga unaounganisha bega na kifua. Punda na farasi hawana mufupa huo. Miguu yao ya mbele inashikana na mwili kwa misuli tu, na kifua kinaning'inia kati ya mabega mawili kama mutoto ndani ya kitambaa mugongoni mwa mama yake. Misuli hiyo inapita karibu na mahali pa mukanda. Ukiibana, muguu hauwezi kwenda mbele vizuri. Hatua zinakuwa fupi, punda anajikwaa, anachoka mapema, na sisi tunasema ni muvivu.

Jambo hili limepimwa kwa farasi. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulitumia vipimo vya kubana vilivyowekwa chini ya mukanda. Wengi wangefikiri kubana kukubwa kunakuwa katikati, juu ya mufupa wa kifua. Haikuwa hivyo. Kulikuwa nyuma ya viwiko, pande mbili, pale pale tulipoona vidonda vya punda wa mama. Walipotumia mukanda uliotengenezwa ili usibane sehemu hiyo, farasi walipeleka miguu ya mbele mbali zaidi na kukunja viungo zaidi. Huko Australia nako, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikimbiza farasi wa mashindano juu ya mashine. Mukanda ulipokazwa zaidi, farasi walichoka upesi zaidi.

Farasi wa mashindano si punda wa maharagi. Lakini mwili umejengwa namna moja, na funzo ni moja: mukanda unaobana vibaya unakula nguvu ambayo munaitafuta.

Upana

Tufanye hesabu kidogo. Kamba ya upana wa santimetre 1 na mukanda wa santimetre 8 vinakazwa kwa nguvu moja. Kwenye kamba, nguvu yote inakaa juu ya santimetre moja. Kwenye mukanda, inagawanywa mara nane. Ngozi chini ya kamba inabanwa mara nane zaidi. Damu haipiti vizuri, manyoya yanakatika, kisha ngozi inafunguka.

Kwa punda wa kazi, chagueni mukanda wa santimetre 7 hadi 10. Lakini musifikiri kadiri unavyokuwa mupana ndivyo unavyokuwa muzuri. Mukanda mupana sana unagusa kiwiko kila hatua. Ikiwa punda wenu ni mudogo na nafasi ni ndogo, fanyeni mukanda uwe mupana katikati, juu ya mufupa wa kifua, na upunguke kidogo pale unapopita nyuma ya viwiko. Pembe zake ziwe laini, bila mushono mugumu upande wa ngozi.

Kitu cha kuutengenezea

Kizuri: pamba nzito iliyoshonwa mara mbili ao tatu, turubai la pamba lililofunikwa na kipande cha bulangeti, ao ngozi iliyopakwa mafuta ili isikauke.

Kibaya: kamba ya nailoni, waya, kamba ya katani bila kitambaa. Mpira wa ndani wa kinga pia haufai kugusa ngozi. Haunywi jasho, unapasha ngozi moto, na kwa sababu unavutika, watu wanaukaza kupita kipimo bila kujua. Kama hamuna kitu kingine, funikeni mpira huo wote kwa kitambaa cha pamba, na mukitoe kukifua kila juma.

Pete za chuma na mafundo yakae ubavuni, juu, kwenye kipande cha bulangeti. Fundo lisikae nyuma ya kiwiko wala chini ya kifua hata siku moja.

Namna ya kukaza, hatua kwa hatua

1. Piga brashi ao futa kwa mukono chini ya kifua. Udongo mukavu na jasho la jana ni kama musumeno.
2. Weka bulangeti na tandiko. Pitisha mukanda upana wa vidole vine nyuma ya kiwiko.
3. Kaza kidogo kidogo, mara mbili ao tatu, si mara moja kwa nguvu.
4. Inua muguu wa mbele, uvute mbele polepole, kisha uuachilie. Fanya vile kwa muguu wa pili. Hiyo inanyoosha ngozi iliyokunjamana chini ya mukanda.
5. Pitisha vidole viwili vilivyolala kati ya mukanda na ngozi. Vikikataa kuingia, umekaza sana. Mukono wote ukiingia, umelegeza sana.
6. Pakia muzigo. Tembeza punda dakika kumi, kisha pima tena, sababu magunia yanajipanga njiani.
7. Ku mapumziko, pakua muzigo na ulegeze mukanda. Kupumzika na muzigo mugongoni si kupumzika.

Musisahau uzito. Punda wa kilo 120 asibebe kupita kilo 40 pamoja na tandiko. Mukanda muzuri haurekebishi muzigo uliopita kipimo.

Wenye kuvutisha gari la punda: mukanda wa chini unazuia tu miti ya gari isiinuke juu. Usikazwe. Punda anavuta kwa kifua, kwa mukanda mupana wa mbele, si kwa mbavu.

Punda anasema namna gani?

Punda anaficha maumivu. Halii kama mbuzi. Mumuangalie kwa alama hizi:

– anageuza kichwa ao kuluma wakati wa kufunga mukanda;
– anarudisha masikio nyuma ukigusa kifua;
– anapiga hatua fupi, ao anasimama ku mutelemuko;
– manyoya yamekatika nyuma ya kiwiko, ao ngozi iko na moto na imevimba;
– manyoya meupe yameota pale pa mukanda: ni alama ya kidonda cha zamani.

Mukiona alama moja, musichukue fimbo. Fungueni mukanda kwanza.

Kidonda kikiwapo

Kazi inasimama. Hakuna kitambaa kitakachosaidia ikiwa mukanda unarudi juu ya kidonda kila siku ya sooko. Chemsha maji, yapoe, weka kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu litri, osha polepole mara mbili kwa siku, fukuza nzi. Musipake mafuta ya moteri, maji ya batri wala unga wa vidonge. Kama kuna usaha, harufu ao uvimbe unaopanda, mwite munganga wa nyama. Punda arudi kazini wakati ngozi imefungwa kabisa, haina maji, na ukiigusa hashtuki.

Kwa wenye ng'ombe

Ng'ombe wa kulima hana mukanda huo, lakini ana nira. Maulizo ni yale yale: Inagusa wapi? Ni pana kiasi gani? Ngozi ya pale inatembea namna gani? Mutu akipitisha mukono chini ya nira kila asubui, ataona kidonda mbele hakijafunguka.

Kazi ya kikundi

Ku mukutano ujao, leteni punda mumoja na mikanda yote ya koperative. Halafu:

1. Pimeni upana wa kila mukanda. Ngapi ziko chini ya santimetre 7?
2. Kila mutu agunduwe kwa mukono wake mufupa wa kifua, na nafasi ya vidole vine nyuma ya kiwiko.
3. Chagueni watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakaoangalia punda wote usiku wa kuamkia siku ya sooko.
4. Ulizeni fundi wa kushona bei ya mukanda mumoja wa pamba. Kisha hesabuni bei ya juma tatu za kubeba kichwani. Linganisheni.

Yule mama alishona mukanda wake mwenyewe, kwa turubai la zamani na kipande cha bulangeti, na fundi wa kijiji akamutengenezea mukanda wa nyuma. Tulipopita tena, punda alikuwa akitelemuka ule mulima na magunia mawili, tandiko limetulia. Nyuma ya viwiko manyoya yameota, lakini meupe. Mama alituonyesha kwa kidole, akasema: “Hii ni alama yenu.” Ni kweli. Ndiyo sababu tumewaandikia, ili punda wenu asiipate.