Kuhuisha Bayosi ya Kompyuta ya Mezani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumkabidhi Fundi



Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la steshenari katika mji mdogo wa Turiani, wilayani Mvomero. Anayo kompyuta moja ya mezani, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa kompyuta hiyo huchapa mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi na mihtasari ya vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa. Ikizimika, mapato ya siku nayo huzimika. Siku moja fundi anamwambia, "Mama, bayosi yako ni ya zamani. Nipe elfu ishirini niiflashi, mashine itakimbia."

Je, akubali? Tumeandaa somo hili ili yeye, pamoja na kila mwenye kompyuta ya namna hiyo, aweze kulijibu swali hilo kwa ujuzi badala ya kubahatisha.

Bayosi ni nini

Ndani ya kompyuta, juu ya ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, ipo chipu ndogo inayohifadhi programu ya kwanza kabisa kuamka unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Programu hiyo ndiyo bayosi. Kwenye skrini huandikwa BIOS, na katika kompyuta za miaka ya karibuni huandikwa pia UEFI. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kuiamsha Windows au programu endeshi nyingine na kuikabidhi kazi.

Kutokana na maelezo hayo, mtumiaji ashike mambo mawili. La kwanza, nyaraka zake hazikai kwenye chipu hiyo bali kwenye diski. Bayosi ikiharibika, nyaraka hazifutiki kwa sababu hiyo. La pili, bila bayosi kompyuta haiamki kabisa. Kuweka Windows upya hakusaidii, kwa kuwa hakuna programu ya kuisoma flashi yenye Windows hiyo. Dunia ililiona jambo hili tarehe 26 Aprili 1999, kirusi kiitwacho CIH kilipofuta bayosi za kompyuta nyingi, hasa katika nchi za Asia. Wenye kompyuta hizo walibonyeza vitufe vya kuwashia na skrini zikabaki giza.

Kuhuisha bayosi ni kufuta toleo lililopo kwenye chipu na kuandika toleo jipya mahali pake. Katika dakika hizo chache, kompyuta haina toleo kamili la zamani wala la jipya. Umeme ukikatika wakati huo, kompyuta yaweza isiwake tena.

Lini kuna sababu ya kuhuisha

Sababu za kweli ni tatu: mtengenezaji ametangaza kasoro ya usalama inayozibwa na toleo jipya, kompyuta yako ina hitilafu ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa imerekebishwa, au unataka kufunga kifaa kipya, kama vile prosesa, ambacho toleo la zamani halikitambui.

Kasi si sababu. Kompyuta inayosuasua mara nyingi huchoshwa na diski ya zamani ya kuzunguka, uchache wa kumbukumbu, au virusi. Fundi aahidiye kwamba mashine "itakimbia" baada ya kuflashiwa hana budi kukuonesha mahali mtengenezaji alipoandika hivyo.

Vivyo hivyo, kompyuta inayosahau tarehe na saa kila umeme unapokatika haina haja ya bayosi mpya. Dawa yake ni betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032.

Jihadhari pia na ahadi zinazohusu Windows 11. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wameingiwa na wasiwasi. Ni kweli kwamba katika baadhi ya mashine kuna mpangilio wa usalama ndani ya bayosi unaotakiwa kuwashwa tu. Lakini Windows 11 huhitaji pia prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na bayosi mpya haiwezi kuigeuza prosesa ya zamani kuwa mpya.

Hata sababu ikiwapo, usikimbilie toleo lililotoka jana. Januari 2018, baada ya kasoro za prosesa zilizopewa majina Meltdown na Spectre kutangazwa, matoleo ya kuzirekebisha yalitolewa kwa haraka. Tarehe 22 mwezi huo huo kampuni ya Intel iliwataka watu wasitishe kuyaweka baadhi yake, kwa sababu kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe. Wahenga walitufunza: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua za kufuata

Ukisharidhika kwamba sababu ipo, fuata hatua hizi wewe mwenyewe, au hakikisha fundi anazifuata mbele yako.

1. Tambua mashine yako. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Nakili jina kamili la modeli, pamoja na mstari wenye neno BIOS unaoonesha toleo na tarehe yake. Mwaka 2016, kabla ya simu bandia kuzimwa nchini, tulijifunza kuhakiki simu kwa kubonyeza *#06#. Uangalifu ule ule unahitajika hapa, maana faili la modeli jirani, hata kama majina yanafanana, si faili lako.

2. Chukua faili kwa mtengenezaji. Kampuni za Dell, HP na Lenovo huweka mafaili ya bayosi za kompyuta zao za mezani kwenye tovuti zao bila malipo. Malipo unayompa fundi ni ya kazi yake, si ya faili. Usikubali faili lililotoka kwenye flashi ya mtu au tovuti usiyoijua.

3. Nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje, na uihifadhi mbali na kompyuta.

4. Tafuta ufunguo wa BitLocker. Baadhi ya diski hufungwa kwa ulinzi huu, na baada ya bayosi kubadilishwa Windows yaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Uandike kwanza, kisha sitisha ulinzi huo kwa muda. Bila ufunguo huo, nyaraka zitakuwapo lakini hazitasomeka.

5. Linda umeme. Hakikisha Luku ina uniti za kutosha. Tumia UPS, na uijaribu kabla: kompyuta ikiwa inawaka bila kazi yoyote, chomoa waya wa UPS ukutani na uone kama kompyuta inaendelea kuwaka kwa angalau dakika kumi. UPS nyingi zilizokaa miaka dukani zimebaki maboksi matupu. Mawingu yakitanda juu ya Milima ya Nguru na radi ikianza kusikika, ahirisha kazi.

6. Usiiguse. Kazi ikianza, skrini yaweza kuwa giza, feni ikavuma, na mashine ikajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hayo ni ya kawaida. Usibonyeze kitufe cha kuzimia kwa kukosa subira.

7. Hakiki. Fungua tena msinfo32 uone kama toleo limebadilika. Rekebisha tarehe, washa tena ulinzi wa BitLocker, kisha jaribu printa na intaneti.

Ikishindikana

Skrini ikibaki giza, usikubali upesi kwamba ubao mkuu umekufa. Kompyuta nyingi za ofisi za miaka ya karibuni zina njia ya kurejesha bayosi kwa kutumia flashi, kama inavyoelezwa na mtengenezaji. Njia hiyo ikikwama, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuijaza upya. Kifaa hicho hakipatikani kila mahali, hivyo huenda ukalazimika kuipeleka mashine Morogoro mjini. Wakati huo diski yaweza kuchomolewa na nyaraka zikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Diski ni mali yako. Usiiache kwa fundi pasipo maandishi.

Unaponunua kompyuta iliyotumika

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe na aingie kwenye bayosi mbele yako. Kwa kawaida hubonyezwa F2 kwa Dell, F10 kwa HP na F1 kwa Lenovo. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mmiliki wa awali ameifunga, nawe hutaweza kuihuisha wala kubadilisha mipangilio yake. Usiinunue.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Ili malalamiko yako yawe na nguvu, weka ushahidi. Kabla ya kazi, andikianeni kwenye karatasi modeli ya mashine, toleo lililopo, toleo litakalowekwa, gharama, na nani atabeba hasara kazi ikiharibika. Baada ya kulipa, dai risiti.

Sasa turudi kwa mama wa Turiani. Hana haja ya kumfukuza fundi wala ya kumtii papo hapo. Amjibu kwa upole: "Mwanangu, kabla ya elfu ishirini naomba unijibu manne. Bayosi yangu ni toleo gani sasa? Mtengenezaji anasema hilo jipya linarekebisha nini? Umeme ukikatika katikati, umejiandaaje? Na mashine isipowaka, nani atalipa?"

Fundi mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atavuta kiti na kuyajibu moja baada ya jingine. Asiyeweza kuyajibu asikabidhiwe mashine.