Mwenzako Amefinyanga Mtu: Utasema Nini?

Mwalimu akishasema "haya, toeni maoni", darasa zima hunyamaza. Kisha mmoja atasema "iko vizuri", na wengine watamfuata. Aliyekesha na udongo mikononi haondoki na lolote la kwenda kurekebisha.

Anza kwa kuizunguka sanamu. Chuchumaa uitazame kutoka chini, kisha nenda nyuma yake. Mgongoni ndiko wanafunzi wengi huchokea: mbele kuna pua, kidevu na vidole, nyuma ni ubao mtupu. Ukiliona hilo, tayari una jambo la kusema.

Halafu tafuta uzito umelalia wapi, na hapa usiwe na haraka. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka ili asianguke. Chukua uzi, fungia kijiwe, uuning'inize mbele ya sanamu kuanzia kwenye kishimo cha koo. Kwa aliyesimama hivyo, uzi utashukia karibu na mguu uliobeba mwili. Ukishukia mbali, sanamu itaonekana inaanguka hata kama kila kidole kimefinyangwa barabara. Sasa unaweza kusema: "Mguu wa kulia ndio uliobeba mwili, lakini nyonga zote mbili ziko usawa mmoja, ndiyo maana naiona kama haijakanyaga chini." Mwenzako ameshajua kisu kiende wapi.

Vipimo navyo vina nafasi yake. Mtu mzima ana urefu wa kama vichwa saba na nusu, na kiwiko chake hufika karibu na kiuno. Lakini kabla hujasema "kichwa kimezidi", muulize alikusudia nini. Sanamu za mashetani za Kimakonde, mtindo unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, zina viungo vilivyovutwa na kupindwa kwa makusudi, na anayezipima kwa rula hajaziona. Kinyume chake, mchongaji Mfaransa Auguste Rodin alipoonyesha sanamu yake *L'Âge d'airain* mwaka 1877, ilifanana mno na mtu hai hata akashukiwa kuwa ameichukulia kalibu kwenye mwili wa mtu. Kwa hiyo "inafanana kabisa na mtu" haitoshi kuwa sifa. Sema inafanana wapi, na ufanano huo unaifanyia nini sanamu.

Ikiwa imefinyangwa uchi, vicheko havitakosekana. Wewe taja paja, titi na kiuno kwa majina yake, bila kunong'ona. Na kama aliyekaa kuwa mfano ni mwanafunzi mwenzenu, maoni yaishie kwenye udongo. "Tumbo hili limebonyea upande wa kushoto" ni maoni. "Kumbe fulani ana kitambi" ni utovu wa adabu, na mwalimu ana haki ya kukutoa nje.

Usiguse bila ruhusa. Chagua mambo mawili tu, maana akiorodheshewa kumi hatarekebisha hata moja. Na uyaseme mapema, udongo ukiwa bado mbichi: sanamu ikishatoka tanuruni, nyonga haisogezwi tena.