Usikate Katalizeri: Kijitabu kwa Madereva, Mafundi na Wakazi wa Nyawera

Gari lililojaa abiria likipita sokoni Nyawera, hapa Bukavu, jioni, halikimbii. Linasogea kidogo, linasimama, linasogea tena. Muda wote huo injini inawaka, na wa kwanza kuvuta moshi wake ni mama aliyeketi ukingoni na beseni la sambaza, mtoto akiwa mgongoni. Kijitabu hiki kinahusu kifaa kilichotengenezwa ili kuua sumu iliyo katika moshi huo kabla haijatoka kwenye bomba. Mafundi wengi wanakijua kwa jina la katalizeri. Kikichoka au kikikatwa, mama yule ndiye anayelipa.

Sumu tatu

Esansi ingeungua sawasawa, ingetoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji tu. Ndani ya injini haiungui hivyo. Sehemu yake hutoka ikiwa kaboni monoksidi, sehemu nyingine hutoka bila kuungua, na joto kali huunganisha nitrojeni na oksijeni ya hewa kuwa oksidi za nitrojeni, zinazowasha mapafu na kuwazidishia tabu wenye pumu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoishinda ya oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana anayeivuta huumwa kichwa na kulegea kabla hajajua kinachomsibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya nje, kutoka vyanzo vyote, ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019.

Ndani ya katalizeri mna tofali la kauri lenye matundu membamba kama sega la nyuki. Kuta zake zimepakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na moto wa kutosha, kaboni monoksidi na esansi isiyoungua hupata oksijeni na kumalizika, na oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Metali zenyewe haziliwi na kazi hiyo.

Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kifaa cha namna hii katika miaka ya 1950. Hakikuenea wakati ule, kwa sababu esansi ilitiwa madini ya risasi, na risasi hufunika metali hizo zisifanye kazi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na esansi ya risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 karibu zote zilikuwa zimefanya hivyo. Kizuizi hicho kimeondoka. Vilivyobaki viko mikononi mwetu.

Kwa nini inakatwa

Sababu ya kwanza ni fedha. Metali zile ni ghali: Machi 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 29,000 za Marekani. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na wakaguzi wa Uholanzi walieleza hali ya magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika, na baadhi yalikuwa yamekwisha nyofolewa vifaa vya kusafisha moshi kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo anayenunua gari, liwe limepitia Dar es Salaam au Mombasa, ainame alitazame chini kabla ya kulipa. Akiona kipande cha bomba kilichochomelewa mahali pa katalizeri, ajue anauziwa gari pungufu, na bei ishuke.

Sababu ya pili ndiyo inayotuuma zaidi, kwani haina faida kwa yeyote. Gari linakosa nguvu mlimani, dereva anaambiwa katalizeri imeziba, inakatwa, linawekwa bomba tupu. Wiki chache baadaye gari limechoka vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye buji, koili au injekta. Katalizeri haizibi bure. Silinda moja isipowaka, esansi mbichi huingia kwenye kauri, huungua humohumo, na joto hupanda mpaka kauri inayeyuka. Ukiweka katalizeri mpya bila kutibu injini, nayo itakufa.

Fundi, pima kwanza. Fungua sonda ya lambda ya mbele, yaani kipima oksijeni ya moshi, funga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, washa injini na uipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Shinikizo likizidi takriban 0.2 bar, moshi umezuiwa njiani. Lisipofika hapo, katalizeri haijaziba, tafuta kwingine. Ukiigonga kwa nyundo ya mpira ikacheza ndani, kauri imevunjika. Usiipasue kwa mikono mitupu, wala usipulize vumbi lake.

Kuifanya isafishe zaidi

Ziwa Kivu, lililo kando yetu hapa Bukavu, liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani, hivyo kila mvuto wa injini unapata oksijeni pungufu. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani, ikifika Bukavu, inamwaga esansi kupita kiasi. Moshi unakuwa mweusi na kaboni monoksidi inazidi. Motari wanaotumia pikipiki za kabureta waombe irekebishwe kwa hewa ya hapa. Wataona tofauti hata kwenye matumizi ya mafuta.

Gari la injekta hujirekebisha lenyewe, mradi sonda ya lambda iwe nzima. Katalizeri ya sumu tatu hufanya kazi vizuri pale tu kilo moja ya esansi inapokutana na kilo 14.7 hivi za hewa, na anayelinda kipimo hicho ni sonda. Sonda iliyochoka haizimi gari. Inaliacha liendelee na safari likichafua, huku taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na dereva akiwa ameizoea. Tunasisitiza hili kuliko lolote: kubadilisha sonda kwa wakati kunaokoa katalizeri, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Oili nayo ina neno. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, na fosforasi iliyo ndani yake hufunika metali polepole. Esansi ya kadhafi, ile ya vidumu na chupa kando ya barabara, huwezi kujua imechanganywa na nini. Kuhusu salfa iliyomo kwenye mafuta, ambayo nayo huidhuru katalizeri, nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubali dizeli (mazuti) yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Wanaoagiza mazuti wana kila sababu ya kudai kiwango hichohicho.

Tatizo gumu zaidi kwa wataalamu ni ubaridi. Chini ya nyuzi 250 hivi katalizeri hulala tu, na safari fupi za mjini huisha kabla haijapata moto vizuri. Tatizo jingine ni metali kukusanyika mabonge kwa joto, zikabaki na eneo dogo la kufanyia kazi. Mwaka 2002 Daihatsu ilitoa katalizeri ambayo paladiamu yake huingia na kutoka ndani ya fuwele, isishikane. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico na wenzao walionyesha kwamba atomu mojamoja za platinamu zinaweza kunaswa juu ya oksidi ya seriamu, zikatulia hata kwenye nyuzi 800. Kazi hiyo inatupa matumaini ya vifaa vinavyotumia metali kidogo, vya bei nafuu kwa watu wetu.

Gurupu dukani

Umeme ukikatika, gurupu (jenereta) ndogo za esansi huwashwa madukani. Kwa kawaida hizi hazina katalizeri kabisa. Usiweke gurupu ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha, hata mlango ukiwa wazi. Iweke nje, mbali na nyumba, bomba lake likielekea pasipo watu. Watu wawili au watatu walio chumba kimoja wakianza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria. Tokeni nje wote mara moja, zimeni gurupu ikiwa mnaweza kuifikia bila kurudi ndani, na aliyelegea apelekwe hospitali, daktari aambiwe kwamba alivuta moshi wa gurupu.