Bure si huru: jozi mbili za maneno na programu tunazotumia katika utafiti wa lugha

1. Utangulizi

Katika kitivo chetu ni vigumu kumpata mwanafunzi anayefanya utafiti bila simu. Tunarekodi kwa simu, tunatumiana faili kwa WhatsApp, tunaandika kazi zetu za mwisho kwa programu ambazo hatujui zilitoka wapi. Tukiulizwa kwa nini tumezichagua, tunajibu kwa neno moja: ni bure.

Makala haya yanalichunguza jibu hilo kwa kuanzia kwenye neno lenyewe. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo makampuni makubwa ya teknolojia hufaidika yakichanganywa: bure na huru kwa upande mmoja, siri na faragha kwa upande mwingine. Mtafiti wa lugha akizichanganya jozi hizi, haumii peke yake. Anaumia pia msemaji aliyempa sauti yake.

2. Bure na huru

Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa programu aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU. Alitaka kujenga mfumo mzima wa kompyuta unaompa kila mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozibadilisha yeye mwenyewe. Haki ya pili na ya nne haziwezekani bila msimbo wa programu kuwa wazi, yaani yale maandishi ambayo mtunzi wake aliyaandika.

Harakati hiyo ilikwama mapema kwenye tatizo la kisemantiki. Neno la Kiingereza "free" lina maana mbili, kutolipa na kuwa na uhuru, na wasikilizaji wengi walielewa ya kwanza tu. Kifaransa hakina shida hiyo, kwa kuwa kina "gratuit" na "libre". Lingala nayo ina "ofele" kwa kitu kisicho na malipo na "bonsomi" kwa uhuru. Sasa tutazame Kiswahili:

(1) a. Nimepewa kitabu hiki bure.
b. Tumemngoja bure.
c. Wamempiga bure.

(2) a. Yeye ni mtu huru.
b. Congo ni nchi huru tangu 1960.

Katika (1) neno "bure" linaeleza ukosefu wa kitu: katika (a) hakuna malipo, katika (b) hakuna faida, katika (c) hakuna sababu. Tena linafanya kazi ya kielezi, yaani linalieleza tendo la kupewa, kungoja au kupiga. Katika (2) "huru", neno lenye asili ya Kiarabu, linaeleza hali ya mtu au nchi: hakuna anayemmiliki. Kwa hiyo swali la "bure" ni hili: ulilipa nini siku ile ulipokipokea? Na swali la "huru" ni hili: leo nani anakuamulia?

Tukitumia maneno haya kwa usahihi, tunaona kwamba programu inaweza kuwa ya bure bila kuwa huru. Mfano mzuri ni Free Basics, huduma ya Facebook iliyowapa watu wa nchi maskini tovuti chache bila kulipia intaneti. Aliyeweka masharti ya tovuti zipi ziingie alikuwa Facebook. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya India ilipiga marufuku bei za namna hiyo, na huduma ikaondolewa huko. Kinyume chake pia kinawezekana: leseni ya GNU inaruhusu kuuza programu huru kwa pesa.

Tanzania wametumia neno la tatu, "huria", lililokwisha kuzoeleka katika "soko huria" na "Chuo Kikuu Huria". Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na leseni iliwaruhusu. Kwa lugha zetu hili ni jambo zito. Kampuni ikiangalia soko, itaanza na lugha zenye wanunuzi wengi. Kibembe au Kihunde vitangoja sana. Kwa programu huria, wasemaji wenyewe wanaweza kuanza.

3. Siri na faragha

Jozi ya pili nilijifunza kwa aibu. Nikikusanya data za kazi yangu ya mwisho, nilimtembelea mama mzee mmoja, msemaji wa Mashi, katika kijiji cha Kabare. Tulianza na msamiati wa mahari. Mazungumzo yakafika kwenye mgogoro wa shamba kati ya ndugu za mumewe, akataja majina. Alipomaliza aliniambia: "Mwanangu, hayo ya shamba yabaki hapa." Nikamjibu: "Mama, hayatatoka kwenye simu hii."

Miezi michache baadaye simu ile iliharibika. Nikanunua nyingine, nikaingiza anwani yangu na nenosiri. Baada ya saa moja niliona faili zangu zote zikishuka zenyewe, na ya mama ilikuwa mojawapo. Ilikuwa imenakiliwa kwenye kompyuta za kampuni fulani siku ileile nilipoirekodi. Hakuna mtu aliyeniibia. Nilikuwa nimebonyeza "Ninakubali" nilipoifungua simu mara ya kwanza.

Niliwasimulia wenzangu, mmoja akasema: "Kwani shida ni nini? Nani huko ana haja na shamba la Kabare?" Hapa ndipo "siri" na "faragha" zinapochanganywa. Siri ni habari ambayo wengine hawaijui. Faragha ni kuwa na mahali pako na kuamua nani aingie. Mtu anayeoga hufunga mlango, ingawa kila mtu anajua anafanya nini ndani. Hana siri, lakini ana faragha. Anayesema "sina cha kuficha" anajibu swali la siri, wakati swali lililoulizwa ni la faragha.

WhatsApp, ambayo tangu 2014 ni mali ya Facebook, kampuni inayoitwa leo Meta, inaonyesha tofauti hii vizuri. Tangu 2016 ujumbe wake unafungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, kwa hiyo siri inalindwa. Lakini kampuni inaweza kujua umewasiliana na nani na saa ngapi, na hilo ni suala la faragha. Katiba yetu ya 2006 pia inayataja mambo yote mawili katika ibara ya 31: heshima ya maisha ya faragha na siri ya mawasiliano.

4. "Ninakubali" kama kitendo cha usemi

J. L. Austin alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuahidi, kubatiza, kukubali. Alionyesha pia kwamba kitendo hicho huharibika masharti yake yasipotimia. "Ninakubali" ya kwenye simu ni kitendo cha namna hiyo, lakini kina kasoro: maandishi ni marefu, mara nyingi yako kwa Kiingereza au Kifaransa cha wanasheria, na asiyekubali hapati huduma. Kampuni inakichukua kama ridhaa kamili.

Katika kisa changu vitendo viwili viligongana. Nilimwahidi mama kwa nia njema, lakini tayari nilikuwa nimeipa kampuni ruhusa iliyoondoa uwezo wangu wa kutimiza ahadi hiyo. Naye mama alinipa ridhaa mimi, si kampuni.

Niliifuta faili kila mahali nilipoweza, nikarudi Kabare kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi tulikuwa watatu, na wewe hukuniambia." Sikuwa na jibu. Aliniruhusu kutumia sehemu ya mahari tu.

5. Mapendekezo

Sisemi kwamba programu huru inalinda kila kitu. Faili iliyorekodiwa kwa programu huru ikitumwa ovyo, imetumwa ovyo. Wala sidharau bei: mwanafunzi anayehesabu mega hawezi kulaumiwa kwa kuchagua cha bure. Lakini katika fani yetu vya bure vilivyo huru vipo. Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ELAN ya Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, na Audacity zote zina msimbo wazi, na zote hufanya kazi bila intaneti. Hati za Charis SIL na Doulos SIL, zenye alama zote za toni tunazozihitaji, zinatolewa pia kwa leseni huria.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la mbinu za utafiti lianze kwa kutufundisha kuzima unakili wa moja kwa moja kwenye simu kabla ya kwenda uwanjani. Pili, rekodi zihifadhiwe kwenye diski ya kitivo iliyofungwa kwa nenosiri, na nakala moja ibaki kwa mtafiti. Tatu, fomu ya ridhaa, ambayo sasa inauliza kama msemaji anakubali kurekodiwa, iongezewe mstari unaosema sauti yake itakaa wapi na nani atakuwa na ufunguo. Mstari huo usomwe kwa lugha ya msemaji, kabla simu haijawashwa.